Mali kauli, mawinga na Émile Durkheim

Kila aliyepitia darasa la sosiolojia hutoka na mambo mawili juu ya Émile Durkheim, msomi wa jamii wa Kifaransa: kwamba aligawa mshikamano wa jamii kuwa wa kimakanika (wa watu wanaofanana) na wa kioganiki (wa watu wanaotegemeana), na kwamba aliandika kitabu kizima juu ya watu wanaojiua. Mimi nilitoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hayohayo. Niliyajibia mtihani, nikapata alama za kunitosha, kisha nikaja kuuza khanga Kariakoo. Ajira zilikuwa zimekauka, mama mdogo alikuwa na duka lakini hana wa kumshikia daftari, na wote waliowahi kusema "nakaa hapa kwa muda tu" wanajua kilichofuata.

Siku hizi namrudia Durkheim usiku baada ya kufunga, kwa raha zangu, bila mtu wa kunisahihisha. Naona tulikaririshwa makapi. Ile mishikamano miwili inapendeza ubaoni, inachoreka vizuri katika jedwali, na mwalimu hapati shida kuitungia swali. Lakini penye uhai katika kitabu chake cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi ni sura ya 7 ya sehemu ya kwanza, pale anapogombana na Herbert Spencer juu ya mkataba. Kurasa hizo nilizipita darasani kama mtu anayepita kituo ambacho hashuki. Nimekuja kuzielewa nyuma ya kaunta.

Spencer alikuwa Mwingereza aliyeanza kazi kama mhandisi wa reli akaishia kuwa mmoja wa waandishi waliosomwa sana katika karne ya 19. Hoja yake ni rahisi kuipenda. Jamii za kale, alisema, zilishikwa kwa amri, kijeshi. Jamii za viwanda zinashikwa na mabadilishano: wewe una kitambaa, mimi nina fedha, tunapatana bei, kila mmoja anaondoka na faida yake, na mapatano ya namna hiyo yakishakuwa maelfu kwa maelfu, jamii inasimama yenyewe. Serikali ibaki kuhakikisha tu kwamba mikataba haivunjwi. Kupendana si lazima. Mfanyabiashara yeyote akisikia hayo anatikisa kichwa kukubali, hasa wakati wa kulipa kodi ya mapato.

Durkheim alimjibu kwa mapigo mawili. La kwanza, hakuna kigeugeu kama maslahi. Leo yananiambia niungane nawe. Kesho maslahi yaleyale yatanifanya adui yako. Ukijenga juu yake umepata usitishaji wa vita, basi. La pili ndilo zito: si kila kilichomo ndani ya mkataba kimetokana na mkataba. Kabla sisi wawili hatujaandikiana chochote, tumekuta mambo ambayo hatukuyatunga sisi. Kwamba ahadi inamfunga aliyeitoa. Kwamba viko vitu haviuzwi hata wote wawili tukiridhia. Kwamba aliyelaghaiwa ana haki ya kulalamika na kusikilizwa. Kwamba tusilolitaja litaamuliwa kwa desturi ya mahali. Tunachopatana sisi ni bei na tarehe. Mengine yote yalikuwepo, na yana nguvu juu yetu tukitaka tusitake. Nguvu hiyo ndiyo anayoiita jamii.

Sasa njoo Kariakoo saa nne asubuhi.

Winga ni kijana asiye na duka wala mtaji, mwenye mdomo na miguu. Anamdaka mteja njiani, anajua anatafuta nini kabla mteja mwenyewe hajajua, kisha anaingia dukani kwangu mbio: "Bosi, nipe doti kumi za ile ya njano, mteja wangu yuko kwenye bajaji." Namkabidhi. Hajalipa hata senti, hajaacha kitambulisho, sijaandika popote. Anazama na doti zangu kumi kwenye umati ambao ukimpoteza mtu humo humpati tena. Huko nje anamtajia mteja bei yake, ambayo mimi siijui na wala si kazi yangu kuijua. Baada ya muda anarudi na bei yangu, kilichozidi ni chake. Mteja asipopenda rangi, khanga zinarudi, zimekunjwa hovyo. Nasonya, nazikunja upya.

Spencer angesema: maslahi tu hayo. Winga akitoroka na mzigo leo, kesho hana pa kuchukulia mwingine. Siidharau hoja hiyo, na siku nyingi inatosha. Lakini huwa nawaza siku ambazo haitoshi. Mmoja wa mawinga wangu, kijana wa Kigoma, aliamua kurudi kwao moja kwa moja akalime michikichi. Jioni ya mwisho akapita akaniwekea pesa ya doti mbili ambazo mimi nilikwishazisahau. Kesho yake hakuwa na shughuli na mimi tena, wala na mtaa huu. Nikamuuliza kwa nini hakuondoka nazo tu. Akanishangaa. "Sasa bosi, nitasemwaje?"

Atasemwa na nani, na atasikia akiwa wapi? Basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Hesabu ya maslahi inaishia pale stendi, na yeye alikuwa bado anajiona mbele ya macho ya mtaa. Durkheim anasisitiza, hadi wengine wanachoka naye, kwamba jamii iko nje yetu na imo ndani yetu kwa wakati mmoja. Mwaka mzima nilioisoma sentensi hiyo darasani haukunifanyia alichonifanyia kijana yule kwa maneno matatu.

Mali kauli ni daraja la juu zaidi ya hapo. Wateja wa mikoani na wa nje, Songea, Tunduma, Lubumbashi, Moroni, wanachukua mzigo bila kulipa au kwa kulipa nusu, wanaenda kuuza, wanatuma pesa baadaye. Kumbukumbu yangu yote ni kaunta buku lenye jalada gumu. Ukurasa wa mama mmoja wa Songea unasomeka hivi: korija 6, tena chini yake korija 4, kiasi alichotuma, baki; kisha mstari wa kalamu nyekundu ukikata deni la zamani, halafu tunaanza upya. Hakuna sahihi yake hata moja. Nilimwonyesha daftari hilo wakili mmoja ninayefahamiana naye, akacheka akaniambia mahakamani ningepata tabu nalo. Nikamwambia sijawahi kulipeleka mahakamani.

Mmoja wa wateja hao, mzee wa Tunduma, alifariki ghafla akiwa anadaiwa fedha nyingi. Kwa maslahi matupu mambo yalikuwa yamekwisha: aliyeahidi hayupo, na waliobaki hawakuahidi chochote. Sikupiga simu, maana kudai msibani ni aibu. Arobaini ilipopita, akanipigia mdogo wa marehemu, mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Marehemu alikuwa na daftari lake, akasema, na wewe umo. Walilipa kidogokidogo mpaka likaisha.

Wote tumesimama makaburini tukamsikia msemaji wa familia: kama kuna aliyekuwa akimdai marehemu, au marehemu akimdai, aje aonane na familia. Waislamu wanajua kwamba mirathi haigawiwi deni halijatolewa. Wakristo nao hutangaza vilevile, na sidhani kama kuna anayesimama kuuliza hilo limetoka sheria gani. Sheria ya nchi inayo utaratibu wake wa mirathi na madeni, lakini karani wa mahakama hakuwepo pale Tunduma. Deni lilimshinda mdaiwa kufa kwa sababu tangu mwanzo halikuwa la watu wawili peke yao. Kama nikitakiwa kumfundisha mtu sura ya 7, nitampeleka mazishini kabla ya kumpeleka maktaba.

Hapo ndipo ninapokosana na namna tulivyofundishwa. Tuliambiwa kijijini ni kimakanika, watu wanafanana wanashikana; mjini ni kioganiki, watu wanatofautiana wanategemeana. Afrika ikawekwa safu ya kushoto, Ulaya safu ya kulia, somo likaisha. Kariakoo inakataa kukaa safu yoyote. Huwezi kupata mahali penye mgawanyo wa kazi kuliko hapa: kuna anayeshusha kontena, anayefunga mabelo, anayesukuma mkokoteni, winga, dalali wa fremu, mama lishe, kijana wa kutengeneza mashine ya risiti. Kila mmoja anamtegemea mwenzake kufikia jioni. Na papo hapo kinachotufanya tuthubutu kutegemeana ni mambo ya msibani. Durkheim mwenyewe hakuwa mjinga kiasi cha majedwali yetu. Alijua zote mbili hukaa pamoja.

Kwa nini mtu huyu alikosa usingizi juu ya swali la kinachoshika jamii? Alizaliwa mwaka 1858 Épinal, mji wa mashariki mwa Ufaransa, mtoto wa rabi. Alikuwa na umri wa miaka 12 vita na Waprusi vilipoanza mwaka 1870, Ufaransa ikapigwa, majeshi ya Wajerumani yakakaa mjini kwao, na jirani zao wa Alsace wakajikuta si Wafaransa tena. Mwaka uliofuata, Paris ilijitangazia utawala wake wenyewe, na jeshi la Wafaransa likaingia kuwaua Wafaransa wenzao kwa maelfu katika wiki moja ya Mei. Jamhuri iliyozaliwa hapo ilikuwa na Kanisa upande huu, wapenda wafalme upande ule, na wafanyakazi wa viwandani ambao kila mtu aliwaogopa. Tarehe 1 Mei 1891, miaka miwili kabla ya kitabu chake kutoka, askari walifyatulia risasi waandamanaji Fourmies, mji wa viwanda vya nguo kaskazini, wakaua 9. Yeye wakati huo alikuwa Bordeaux akifundisha walimu. Hakuwa na anasa ya kuuliza swali hilo kwa udadisi. Nchi yake haikuwa ikisali pamoja tena, na alitaka kujua itashikana kwa kitu gani.

Jibu lake la 1893 lina tumaini kuliko ushahidi, na mimi naona hivyo kila ninapolisoma. Alisema mgawanyo wa kazi wenyewe utazaa mshikamano mpya: ninavyozidi kuwa tofauti nawe ndivyo ninavyozidi kukuhitaji. Kisha, katika sehemu ya tatu ya kitabu, anakuja kukiri kwamba mbona hauoni ukitokea. Migogoro ya kazi inaongezeka, matajiri na vibarua hawajuani. Anaziita hizo hali za ugonjwa, na ugonjwa wa kwanza anaupa jina lililokuja kumpa umaarufu duniani kote, anomia, hali ya mambo kukosa kanuni. Wasomaji wengi wanasimama hapo. Mimi napenda ugonjwa wa pili, ule wa kazi ya kulazimishwa, kwa sababu unaniuma.

Anasema hivi, kwa ufupi: mkataba hauwi wa haki kwa kuwa tu wote wawili wameukubali. Anayekubali kwa kuwa ana njaa hajakubali. Na anamalizia kwa kusema kwamba penye matajiri na maskini wa kuzaliwa, mikataba isiyo ya haki haikosekani. Watu wanaodhani Durkheim alikuwa mzee wa kutetea utulivu hawajafika ukurasa huo. Karl Marx, yule mkosoaji wa ubepari, alikwishasema mwaka 1867 kwamba mahusiano ya kiuchumi humsukuma mfanyakazi kimyakimya, bila haja ya kiboko kila siku, na hapo hao wawili wanakaribiana kuliko mitihani inavyotaka.

Binti anayeniuzia dukani anaingia saa mbili asubuhi na kutoka magharibi. Tulipatana mshahara. Alisema sawa, tena haraka, kabla sijamaliza kutaja. Ile haraka ninaifahamu. Inatoka Mbagala, inatoka kwenye chumba cha kupanga na mdogo wake anayesoma. Nimeuongeza mshahara tangu hapo, sitaki sifa kwa hilo, maana hata baada ya kuongeza, mwenye kuamua ni mimi. Spencer angeniambia mapatano ni mapatano. Durkheim angeniuliza angekwenda wapi kama angekataa.

Mwaka 1902, kitabu kilipochapwa mara ya pili, Durkheim aliongeza dibaji ndefu ambayo ni kama mtu aliyerudi kuziba pengo. Mgawanyo wa kazi hautatosha wenyewe, unahitaji vyombo. Familia imekuwa ndogo mno, serikali iko mbali mno. Katikati panatakiwa vyama vya watu wa kazi moja, vyenye maadili yao, vinavyosaidiana, vinavyoweza kumkaripia mwanachama wao. Kwa Ufaransa hilo lilikuwa jambo kubwa. Mapinduzi yao yalipiga marufuku vyama vya mafundi na wafanyakazi mwaka 1791, na vyama vya wafanyakazi havikuruhusiwa kisheria mpaka 1884. Karibu miaka 100 sheria ilitaka mtu mmojammoja asimame mbele ya serikali peke yake.

Nilikumbuka dibaji hiyo Mei 2023, Kariakoo tulipofunga maduka kwa sababu ya kodi na usajili wa stoo. Nami nilifunga. Watu ambao mwezi mzima wanaibiana wateja, wanaopunguziana bei kwa shilingi mia ili mwenzako akose, walikaa kwenye ngazi za maduka yaliyofungwa wakinunuliana kahawa. Tulipokwenda Mnazi Mmoja kumsikiliza Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, palikuwa na ule msisimko ambao Durkheim aliueleza mwaka 1912 katika kitabu chake cha dini, anapowasimulia Waaborijini wa Australia wakikusanyika kwa sherehe zao na kila mtu akawa mkubwa kuliko nafsi yake. (Hakuwahi kufika Australia. Alisoma taarifa za watu wengine, mmoja wao akiitwa Spencer vilevile, Baldwin Spencer, asiye na undugu wa hoja na yule wa mikataba.) Maduka yalipofunguliwa, jirani yangu alikuwa wa kwanza kushusha bei. Msisimko haukai, Durkheim naye alijua, ndiyo maana alisema sherehe lazima zirudiwe.

Lakini kuna upande ambao Durkheim anaupita kwa haraka kuliko ninavyopenda, nao ni huu: mshikamano huwa una mlango, na mlango una watu nje. Mali kauli simpi yeyote tu. Nampa aliyeletwa na ninayemjua, anayetoka kwa watu ninaowajua, na mara nyingi, tuseme ukweli, anayesali ninaposali. Mgeni mwaminifu kuliko wote atalipa taslimu miaka mingi kabla jina lake halijaingia kwenye kaunta buku. Kwa hilo mwalimu wangu ni mtu wa kale zaidi.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Tauni ilichukua wazazi wake akiwa kijana. Alitumikia watawala wengi wa Maghribi na Andalusia, akafungwa, akaponea chupuchupu, kisha akajichimbia katika ngome huko Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaandika Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake cha historia. Kinachoshika watu, alisema, ni asabiya, ule moyo wa kundi unaomfanya mtu aone dhuluma kwa nduguye ni dhuluma kwake. Inakomaa kwenye shida, jangwani, ambako asiye na wenzake hafiki mbali. Inawapa wanaoishika dola. Wakishapata dola wanahamia mjini, wanazoea raha, wanaajiri watu wengine wawapiganie, na kwa makadirio yake vizazi vitatu vya miaka 40 vinatosha kuimaliza. Halafu wanatokea wengine wenye njaa.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakudanganyika na damu. Nasaba, aliandika, ni jambo la kudhaniwa tu, halina uhalisia. Faida yake ni ule muungano unaotokana nayo. Mtu aliyeishi mwambao wetu, akawasikia watu wakitaja mababu wa mbali kwa kujiamini, anaelewa mara moja. Undugu unafanya kazi hata pale ambapo ushahidi wake hauwezi kupita mbele ya hakimu. Ila Ibn Khaldun hafichi kwamba asabiya hujulikana vizuri zaidi inapokuwa dhidi ya mtu.

Watu hao wawili walikutana kwa njia fulani, na ni kisa ninachokisimulia kila nikipata wa kumsimulia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mmisri asiyeona, Taha Hussein, alikuwa Paris akiandika tasnifu juu ya falsafa ya jamii ya Ibn Khaldun, na msimamizi wake alikuwa Durkheim. Nani alikuwa akimfundisha nani, sijui tuseme nini. Durkheim alifariki kabla ya mwanafunzi wake kuitetea.

Na alifariki vibaya, lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1898 nchi ilipogawanyika kwa ajili ya Dreyfus, yule kapteni Myahudi aliyehukumiwa kwa usaliti ambao hakuufanya, waliompinga walisema hata kama hana hatia, jeshi na taifa ni wakubwa kuliko mtu mmoja. Durkheim, ambaye wengi wangemtarajia upande huo, aliandika kinyume. Kwa watu wasiofanana tena dini, kabila wala kazi, alisema, kitu pekee walichobaki nacho kwa pamoja ni utu wa kila mmoja. Ukiuvunja kwa mtu mmoja ili kulinda taifa, umevunja kinacholishika taifa. Kwangu hayo ndiyo maandishi yake bora, na ni mafupi, hayafiki hata sura moja ya vile vitabu vinene.

Vita vilipokuja, vijana wake waliondoka. Robert Hertz, mwanafunzi wake hodari aliyekuwa ameandika juu ya mazishi na namna jamii inavyoagana na marehemu, aliuawa Aprili 1915. André, mwanawe, msomi wa lugha, alikufa Desemba mwaka huohuo kwenye mapigano ya Balkani, na baba akakaa miezi bila kujua kwa hakika. Katikati ya hayo, mwaka 1916, seneta mmoja alisimama katika Seneti ya Ufaransa akamtaja kama mtu wa asili ya kigeni anayewatumikia Wajerumani. Mzaliwa wa Épinal, aliyetumia maisha yake yote kuieleza Ufaransa kwa Wafaransa, aliyeandika vijitabu vya kuitetea vitani. Waziri alimkingia kifua. Alikufa Novemba 1917, na umri wa miaka 59.

Aliyebaki kukusanya karatasi za wafu alikuwa mpwa wake, Marcel Mauss, ambaye mwaka 1925 alitoa insha yake ya zawadi: kutoa, kupokea, kurudisha, na kwa nini hakuna kati ya hayo matatu lililo hiari kweli. Hiyo inataka siku yake, na mtu yeyote aliyewahi kuandika kwenye daftari la michango ya harusi nani katoa ngapi ameshaanza kuisoma.

Mwenye kutaka kumsoma Durkheim asianze ukurasa wa kwanza. Aanze na ile sura ya 7, aruke kwenda sehemu ya tatu, arudi kwenye dibaji ya 1902, kisha atafute makala ya 1898. Kurasa zenye habari za mafuvu ya vichwa na ukubwa wa ubongo azipite tu, zimeoza. Tafsiri za Kiingereza zipo. Kifaransa chake ni kizuri kwa anayekiweza, watu wa Lubumbashi na Bujumbura hapo mnatushinda. Na kama kuna aliyekwisha kuanza kuitafsiri sura hiyo kwa Kiswahili, anitafute. Nitampa sehemu ya kukaa dukani, na chai.